Mpagazi Ndani ya Gari la Moshi

Mpagazi yule mzee alikuwa amekwenda pwani kwa miguu mara tisa, mizigo ya watu begani. Safari hii alipanda gari la moshi pale Dodoma kwa matembezi tu. Lilipoanza kwenda, mikono yake mipana iling'ang'ania benchi, jasho likamtoka, pumzi zikamkatika.

"Babu, unaumwa?" nikamuuliza, nikiwa nimekaa kando yake.

"Siumwi, mwanangu. Moyo unakimbia kwa sababu miguu imekaa."

Akasimama, akapiga hatua palepale alipo, akiimba wimbo wa msafara kwa sauti ya kukwaruza. Pumzi zikamrudia, akacheka. Kila akikaa hofu ilimshika tena, naye akainuka tena. Nikainuka naye, kisha behewa zima, sote tukipiga hatua palepale. Kilosa tulishuka tumelowa jasho, tukipeana pole kwa mwendo mrefu.