Jiwe Nililofunga Ndani ya Mpira

Nilikosa mimi. Kaumba hakukosa. Naandika polepole, niliishia shule ya msingi, ndiyo maana neno hilo nimeliweka kwanza. Hata ukiacha kusoma hapa, umeshalijua.

Tulikuwa watoto hapa Likasi. Wawili walisimama huku na huku wakitupa mpira, na mmoja alikaa katikati akijaza chupa mchanga huku anakwepa. Mpira ukimgusa, anatoka. Mipira niliifunga mimi, kwa matambara, mifuko ya nailoni na kamba. Kukimbia sikuweza, kusema niliona haya.

Msichana mmoja, Safi, hakuguswa na mpira wa mtu yeyote. Siku moja alijaza chupa, akaimwaga miguuni pangu.

"Weye bubu, mupira yako ni kama mukate. Ata nzi haiwezi kufa."

Wote walicheka. Kaumba, rafiki yangu, alicheka pia.

Jioni ile nilichukua jiwe ambalo baba alilileta kutoka machimbo ya Kakontwe, nikalivika tambara jembamba, nikafunga mpira mpya. Nilitaka Safi alie mbele ya watu, basi. Hapana, nisidanganye tena. Nilitaka aumie.

Kwetu mpira ulilala kwa yule atakayeanza kutupa. Ulilala kwa Kaumba. Asubuhi akaupima mkononi.

"Mbona iko muzito?"

"Ilinyeshewa," nikamwambia.

Akatupa kwa nguvu zake zote. Jicho la kushoto la Safi halikuona tena.

Baba yake Kaumba aliupasua mpira kwa kisu mbele yetu. Jiwe likaanguka.

"Nani aliweka hii?"

"Minye sijue, papa," Kaumba alisema, akinitazama.

Wote wakanigeukia. Mimi nisiyesema, siku ile nilisema vizuri kabisa: "Mupira ililala kwake."

Waliniamini, kwa sababu nilikuwa mtoto mpole. Kaumba alipigwa mkanda mpaka akakubali kosa lisilo lake, kisha akapelekwa kwa mjomba wake katika mji wa Kakanda. Hajarudi. Mama yake alipozikwa, hakuna aliyemwita.

Mwezi uliopita Safi alinisimamisha njiani, mtoto mgongoni. Aligeuza kichwa chote ili anione.

"Yaya," aliniita, kwetu ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "mufungie huyu mupira. Ya weye haikuumiza muntu. Ule munyama wa Kakanda, Mungu atamulipa."

Nikaufunga, laini kabisa. Nikampa.

Nyinyi wazazi, msimwamini mtoto kwa sababu tu ananyamaza. Na wewe mwenye haya kama mimi, kama umekosa, sema siku ile ile, mkanda ungali mkononi mwa mtu. Mimi nilisimama nje ya dirisha la kina Kaumba, nikasikiliza mpaka akaacha kulia, nikaenda kula.

Sasa nikimwona Safi sokoni, napita upande wake wa kushoto.