Kanyere Anawasha Kitabu

Mimi Maliro niko nauza motere za kutoa umeme, jenereta, hapa Butembo, na hakuna mutu anatoka kwangu na motere yenye hatujawasha mbele ya macho yake. Ni sheria ya soko yetu. Hata kama ni padri, tunawasha.

Donc, mudogo yangu Kanyere alianguka mutihani ya équations différentielles, zile hesabu za kufuata namna kitu inabadilika na wakati. Prof akatangaza: session ya pili, ile ya kurudia, itafanyika kwa ordinateur, ni kusema kompyuta, na logiciel, programu ya hesabu, na ni ya mwisho. Akianguka tena, masomo imekwisha, anarudi kijijini Masereka kulima viazi. Baba alishamuwekea jembe! Moyo iliniuma sana, juu ni mimi nilimusukuma asome.

Nikaenda mwenyewe kwa Papa Lusenge, muuza-vitabu. Nikachagua kitabu ya zile hesabu, ile nono kuliko zote, ya rangi-rangi, ingali ndani ya nailo. Nikamuletea Kanyere kwa majivuno. Akaigeuza-geuza, akaniuliza mimi mukubwa yake:

"Yaya, motere ukiuza unaiwasha kwanza. Hii kitabu uliiwasha?"

Aa! Haya ilinishika mpaka shingoni. Nikamufokea, nikamuita mutoto bila shukrani. Mais alisema kweli, tukapanda pikipiki tukarudi.

Lusenge akanuna. "Kitu imeuzwa hairudi."

"Papa, na ile motere nilikuuzia, uliichukua bila kuwasha?"

Akafungua ordinateur yake.

Kanyere akaandika mufano ya kwanza ya kitabu yangu nono. Haikutembea: inaomba logiciel ya kulipia. Akajaribu kitabu ya pili: jibu inatoka, mais kitabu haisemi imetoka wapi. Ya tatu ilikuwa nyembamba, ya kijivu. Logiciel yake ni ya bure, na kila hesabu inafanywa kwanza na kalamu, kisha na ordinateur.

"Ni hii," akasema.

"Hii karatasi ya kufungia samaki ndagala?"

Akamurudishia Lusenge ile nono, akabeba ya kijivu.

Siku ya mutihani, katikati, umeme ikakatika. Prof akasema mwenye kuweza amalize na kalamu. Batu mingi bakashika tama. Kanyere akaandika.

Siku ya matokeo nilikuwa natia mafuta kwa motere ya mukiliya, mununuzi yangu. Simu ikalia. Nasikia tu Kanyere analia. Nikaona ile jembe ya baba.

"Yaya," akasema, "imewaka."

Nikalia mbele ya mukiliya, na mafuta mikononi. Hapana kunicheka.