Toleo Lililosafishwa

Mimi si mtu wa kusamehe. Nasema mapema ili usije ukanilaumu mbele ya safari.

Kaka yangu alikuwa anasoma Arusha. Likizo moja alirudi nyumbani Nambis na kaseti aliyoirekodi kutoka kwenye santuri ya mwalimu wake mzungu. Ulikuwa muziki wa vijana wa Ulaya: gitaa kavu, kinanda cha umeme, ngoma za mashine, na mwimbaji anayeimba kama mtu aliyekatazwa kucheka. Majirani waliuita muziki wa wagonjwa. Mimi niliupenda mpaka nikawa naupigia mluzi nikichota maji. Ila utamu wenyewe ulikuwa katikati ya nyimbo, maana hapo kaka alijirekodi akinitangazia: "Sasa dogo, huu unaofuata usikilize ukiwa umekaa." Mwaka uliofuata homa ikamchukua. Picha yake ya maana hatukuwa nayo hata moja. Sauti ile ndiyo tuliyobaki nayo, mimi na mama.

Basi mwalimu wa kwaya, jirani yetu, akaazima redio kaseti yetu kwa mazoezi, na kaseti ikiwa ndani. Alipoirudisha, nikabonyeza nimsikie kaka, nikasikia kwaya. Upande wa kwanza kwaya, upande wa pili kwaya. "Samahani binti," akasema, "nilidhani ni tupu." Tupu! Kaka alikuwa amevunja vile vimeno viwili vya mgongoni mwa kaseti, ambavyo vikivunjwa redio haikubali kurekodi tena. Niliitoa nikakuta matundu yote mawili yamezibwa kwa karatasi ya daftari iliyotafunwa. Jamani, mtu hutafuna karatasi kwa bahati mbaya? Nilipombana akaniambia eti ule muziki ulikuwa wa shetani, ameniokoa. Mama, kwa kutaka yaishe, akampa na kaseti yenyewe aende nayo. Mimi hayakuniisha.

Sasa nina kibanda Mbulu mjini, karibu na stendi. Natengeneza simu, nahamisha nyimbo za watu kwenda kwenye flash. Mwaka huu nikaona kwenye simu kwamba ile albamu ya kaseti ya kaka imetolewa upya, imesafishwa kutoka kwenye kanda za mwanzo. Nilimaliza bando lote kuipakua. Nikavaa hedifoni, nikafunga mlango. Loo, ilikuwa safi! Besi unaisikia mpaka kwenye meno. Wimbo wa pili ulipokaribia kuisha nikaacha hata kupumua, nikingoja "Sasa dogo." Kikapita kimya kidogo, ukaanza wa tatu. Nilijua hatakuwepo, mimi si mjinga, lakini nilingoja, na nilipokosa nililia kwa hasira. Yule mwalimu wa kwaya kama angepita dirishani saa ile, sijui ningemfanya nini.

Akaja mwenyewe wiki ileile. Amezeeka, ana fimbo. Mkewe alifariki, na Jumapili ilikuwa ibada ya kumkumbuka. Akaniwekea kaseti kwenye kaunta. Ileile! Karatasi bado zimo kwenye matundu, zimegeuka kahawia. Marehemu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo zote humo, na nakala nyingine hakuna duniani. Alitaka ihamishiwe kwenye flash kabla kanda haijakatika.

Kisha akasimama akisubiri shikamoo yangu, maana kwetu mdogo ndiye anayeanza. Kwenye benchi walikaa wateja wanne.

"Niamkie wewe," nikamwambia.

"Unasemaje?"

"Niamkie. Sauti itoke, hawa wasikie, ndipo nimhamishe mkeo."

Aliitazama kaseti. Alinitazama mimi. Mmoja wa wateja akasema, "Dada, acha bwana, huyu ni mzee." Nikamwambia akae kimya au akatafute fundi mwingine.

"Shikamoo," mzee akasema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikamjibu, kama unavyomjibu mtoto wa chekechea. "Hujambo?"

Roho ilinisuuzika, siwezi kudanganya. Kazi nilimfanyia nzuri, kila wimbo, sikumpunja hata pumzi moja ya marehemu. Akashukuru akaondoka polepole.

Habari ilifika Nambis kabla yangu, bodaboda wana midomo. Jumamosi nikaenda nyumbani na sukari yangu, nikamkuta mama anachambua maharage uani.

"Shikamoo mama."

Kimya. Nikarudia, nikidhani hajasikia.

"Wewe siku hizi unaamkiwa na wazee," akasema bila kuinua uso. "Mimi ni nani mpaka uniamkie?"

Nikawaka. Nikamwambia habari ya karatasi, ya matundu, ya uongo wa yule mzee, nikamuuliza kama amemsahau kaka. Hapo ndipo akaacha maharage.

"Alikuwa mwanangu kabla hajawa kaka yako," akasema. "Nilipompa yule mtu kaseti, ulidhani sikuona zile karatasi?"

Akaniuliza kama kwenye hilo toleo jipya mwanawe yumo. Nikasema hayumo. Akarudi kwenye maharage yake.

Kila Jumamosi naenda. Chai ananipa, chakula ananipa, ananiuliza habari za kazi. Namwamkia kila nikiingia. Haitikii.