Uso Uliofutwa kwa Vidole

Mara ya kwanza kuliona gombo lile la picha, mwandishi wa makala haya alidhani limeharibiwa na unyevu. Hakugundua kwamba rangi ilikuwa imetoweka mahali pamoja tu: usoni mwa mwanamke mmoja.

Asubuhi hii Hazera Chitrakar ameketi barazani kwake, kijijini Naya, Medinipur, akiponda majani ya maharage apate rangi ya kijani. Mbele yake vimepangwa vifuu vya nazi vyenye manjano, masizi na ulimbo wa tunda la beli, unaoshikisha rangi. Ukutani linaning'inia gombo alilochora babu yake, picha chini ya picha, kuhusu mwaka ambao watu wa pwani walichemsha chumvi yao wenyewe, Waingereza, watawala wa wakati huo, wakiwa wamekataza.

Katika picha ya tatu, Khiroda Maity, mtwanga mpunga, ameukumbatia mtungi wa chumvi ungali wa moto ili polisi wasiuvunje. Mikono ipo. Sari ipo. Uso haupo.

"Sisi wachoraji wa magombo huimba hadithi yake huku tukigusa picha kwa kidole," anaeleza Hazera, mwenye umri wa miaka sitini na moja. "Tukifika kwa Khiroda, watu walikuwa wanasema rudia. Babu akarudia, baba akarudia, na mimi nikarudia. Tumemfuta kwa kumpenda."

Siku hizi wageni hununua magombo wakayatundike, wala hawaulizi wimbo. Lakini hili la babu linachanika, na Hazera ameamua kulichora upya kabla halijashindwa kukunjuliwa. Picha zote alizinakili, isipokuwa uso huo. Babu ndiye pekee katika ukoo aliyewahi kumwona Khiroda, na hakuna aliyempiga picha.

Mkwewe, Sonali, hakuona ugumu wowote.

"Mama, nyuso zetu zote ni jicho kubwa na pua ya kasuku. Chora tu. Nani atajua?"

"Bimala atajua."

Bimala Maity, mwalimu mstaafu, ni mjukuu wa Khiroda. Alizaliwa bibi yake akiwa ameshafariki, na tangu utotoni alilikuta gombo likiwa hivyo hivyo. Wiki iliyopita alikuja na mfuko wa bisi za mchele, akakiri kwamba naye hajui lolote la kusaidia. Wakanywa chai. Akabishana na Sonali kuhusu sukari, kisha akacheka peke yake: alikuwa amemkumbuka mama yake, aliyezoea kumgombeza kila alipobisha.

"Alikuwa akiniambia, 'Kidevu hicho ni cha bibi yako. Kishushe, hapa hakuna polisi.'"

Hazera akaweka kikombe chini. Akamwomba ageukie mlangoni, abishe tena.

"Nibishe nini?"

"Chochote, dada. Sema chai yangu mbaya."

"Ni mbaya kweli. Nilikuwa nakustahi tu."

Kidevu kikapanda. Hazera akachukua brashi.

Sasa Sonali anajifunza wimbo, na Hazera anatumaini kumsikia akiuimba wote mbele ya watu msimu wa mavuno utakapofika. "Uso ukifutika tena, atauchora yeye," anasema. "Kidevu ameshakiona."

Tangu siku hiyo, Hazera huonyesha picha za gombo jipya kwa kijiti cha mwanzi ili rangi zidumu. Ya tatu huigusa kwa kidole.