Mikono ya Fundi Mwani

Wenzake wa maabara humwita Fundi Mwani, maana huu ni mwaka wa sita anasaga mwani wa baharini na kuukamua ute wake. Ute huo hutiwa kwenye dawa ya kupaka, inayojaribiwa kuona kama itakinga ngozi za wagonjwa wa saratani wanaopigwa mionzi. Amevuka hamsini, uso umeshakunjamana, lakini mikono yake ni laini kama ya mtoto mchanga. Nusu ya chupa zina ute. Nusu ni mafuta matupu ya kulinganishia, yaliyotiwa rangi na harufu ileile, na hakuna anayepaswa kujua ipi ni ipi. Yeye anajua. Kila chupa huitikisa sikioni kabla ya kumpa mgonjwa dirishani: yenye ute hukaa kimya, ya mafuta matupu hulia chwa chwa. Hajawahi kumwambia mtu, wala kubadilisha hata moja.

Jumanne, aliyesimama dirishani alikuwa dada yake mkubwa, kitambaa kichwani, namba ya mgonjwa mkononi. Fundi akaitafuta chupa ya namba ile, akaitikisa. Chwa chwa. Akaitikisa tena, polepole, kama anayeibembeleza inyamaze.

“Mbona unaichezea, mdogo wangu? Lete basi.”

Akampa. Dada akaifungua, akanusa, akacheka. “Bahari tupu!” Kisha akamshika mkono, akaupapasa. “Hebu ona ulivyolainika, utadhani umezaliwa jana. Ni dawa hii hii?”

“Ndiyo, dada,” alisema. “Ni hiyo hiyo. Paka asubuhi na jioni.”