Kilichokuwa Chini ya Kawa Siku ya Posa Yangu

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana huku kwetu Mabela, Omani, kila mtu ana riwaya yake, na katika riwaya ya Shangazi Zeyana mimi niliingia majlisi ya wanaume kichwa wazi (uongo, shela ilikuwepo, iliteleza tu). Ndiyo, ni kweli, siku ya posa yangu wageni waliandikiwa sinia, na mkubwa wao alipofunua kawa akatokewa na vifaranga wa kwale, na aliyewaweka humo ni mimi bibi harusi mtarajiwa. Aibu yake nimeshainywa yote mpaka machicha, kwa hiyo kaeni niwaeleze ilivyokuwa.

Nyumba yetu imo ndani ya shamba la Baba, na shamba lenyewe limebaki peke yake mtaani kama jino la mwisho kinywani mwa kizee. Zamani lilipakana na mashamba ya watu, sasa pande tatu ni kuta za nyumba mpya na upande wa nne ni kiwanja kilichokwisha kusawazishwa, hakina hata unyasi. Kwetu kuna mitende, midimu, na konde moja la gatt, yale majani ya kulishia mbuzi ambayo ukiyakata yanaota tena. Basi kwale wa mtaa mzima walihamia humo, wangekwenda wapi, kwale hatagi juu ya lami. Miaka ya nyuma ukiamka alfajiri unawasikia wanapokezana makelele kila upande, mwaka ule nilikuwa nasikia jozi moja tu, kwa sababu mvua ya baridi ilikuwa chache, joto limeingia mapema, na nje ya ukuta wetu majani yamekauka na wadudu wamekwisha. Siku moja nikakiona kiota chini ya mdimu wa ukingoni, kishimo tu na majani makavu, na mama kalala juu ya mayai ananitazama kwa jicho moja.

Tangu siku hiyo kile kiota kikawa changu. Nikawa kila nikirudi kazini, kabla ya kuvua abaya, naenda kwanza kuchungulia. Nimefukuza paka, nimefukuza kunguru, nimemfukuza hata kaka yangu Khalfan aliyetaka kupiga picha. Mimi nikishashika jambo siliachi, na hilo ndilo wanalosema lilinichelewesha kuolewa (umri wangu ni thelathini na kitu, na hicho kitu hakiwahusu). Nyumbani walishaacha hata kunitaja mbele ya watu wenye vijana wa kiume. Halafu akatokea Nasser, tuliyejuana naye kazini, mtu mpole asiye na haraka, naye akawaambia wazee wake waje. Wao ni Waomani waliotoka Bukoba na sisi ni wa Unguja, na Shangazi Zeyana, dada yake Baba, alipoulizwa anaonaje alijibu, "Wa bara, lakini watu wazuri."

Ikapangwa Ijumaa baada ya Alasiri. Na wiki ile ile ndiyo mayai yakaanguliwa, vifaranga sita, kila mmoja kama tende yenye miguu.

Sasa Baba, kwa furaha ya kupata wageni wa posa baada ya kungoja miaka yote ile, akataka shamba ling'are. Karudi sala ya Ijumaa, anamwambia Jamal, anayetusaidia shambani, atoe mashine akate gatt yote, konde zima, lisionekane kama pori. Nikamfuata mbio.

"Baba, pale ukingoni kuna watoto wa kwale."

"Watakimbia."

"Hawakimbii, Baba. Wakiogopa wanalala chini wanatulia. Mashine itawapitia."

"Mwanangu, leo nnatazamwa mimi na nyumba yangu. Habari za ndege n'ambie kesho."

Na mashine ikawaka. Hapo ndipo nilipopitisha uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa, wa kusema nitawaokota tu, niwahifadhi mahali mpaka Jamal amalize, halafu niwarudishe kwa mama yao. Nikaingia kondeni na kanga ya nyumbani, nywele zina mafuta ya kusubiri kuoshwa. Mama kwale akatoka mbele yangu anaburuta bawa kama limevunjika ili nimfuate yeye niwaache wanawe, nikamwambia mwenzangu usijisumbue, hila zako nazijua. Nikapapasa kwenye majani mpaka nikawapata wote sita, nikawafunga kwenye pindo la kanga, nikaingia nao jikoni.

Jikoni siku ile palikuwa hapatoshi hata pa kuweka kijiko. Masinia yamepangwa, la halwa, la tende, la sambusa, la mkate wa kumimina, kila moja limefunikwa na kawa lake la ukindu, yale ya rangi rangi tunayoyatoa kwa wageni tu. Mimi nikatazama, nikaona kawa linapitisha hewa, lina kivuli, lina nafasi ndani, paka haliwezi. Nikachukua sinia tupu, nikaweka majani ya gatt, nikawaweka wanangu, nikafunika. Nikalisogeza pembeni karibu na mlango (jamani, karibu na mlango) na sikumwambia mtu, kwa sababu ningemwambia Shangazi angepiga ukelele wa kusikika mpaka Sib sokoni. Nikasema dakika chache tu.

Wageni wakaja mapema. Mimi nikasukumwa bafuni, nikatolewa, nikavishwa, nikafukizwa udi, na kila nikitaka kusema nna kazi kidogo jikoni Shangazi ananibana bega. "Tulia wewe, leo huna kazi." Nilipopata upenyo wa kufika jikoni, yale masinia mengine yote yapo, lile la karibu na mlango halipo. Khalfan, ambaye ndiye anayewaandikia wanaume chakula, alikuwa ameshapita nalo.

Kama hamzijui majlisi zetu, niwaambie kwamba sinia likishawekwa katikati halifunuliwi hapo hapo. Kwanza wakubwa wanaulizana ulumu. Huyu anauliza, nini ulumu, nini khabari, yule anajibu hakuna ulumu, hakuna khabari, ni kheri tu, kisha wanageuziana, wanarudia, na mpaka wamalize hakuna anayenyoosha mkono. Kwa hiyo vifaranga wangu walikaa katikati ya mkeka wa heshima, mbele ya wazee wenye vilemba na majambia, na kwa kuwa mama yao hawamsikii wakaanza kulia. Pi, pi, pi. Khalfan anasema mzee wa kwanza alijipapasa mfuko, akatoa simu, akaitazama, akairudisha. Pi, pi. Wa pili akaitazama yake. Wa tatu akaomba radhi akaizima kabisa, na kwa adabu wote wakafuata, kila mtu akazima simu yake, na sauti ikazidi, na kila mmoja akamtazama jirani yake kwa huruma, na hakuna aliyesema neno kwa sababu ulumu ulikuwa bado unaendelea.

Mimi huku nampigia Khalfan. Simu imezimwa, bila shaka.

Hapo mwenye akili angekaa akasoma Yasini. Mimi nikatoka mlango wa nyuma na nguo yangu ya posa, nikapita chini ya mitende, nikasimama dirishani kwa majlisi, nikawa nambishia Khalfan kioo kwa ukucha. Nyuma yangu mama kwale yuko juu ya ukuta anaita, anaita, koo linataka kumpasuka, na konde lote limeshanyolewa isipokuwa ukanda mmoja chini ya midimu, ambao Jamal aliuacha magari ya wageni yalipoingia. Juu ya waya wa umeme kunguru wamejipanga. Nikajua nikichelewa kidogo sina cha kumrudishia huyu mama, na mwana wa mtu hakuniomba nimwokoe, nimejichukulia mwenyewe. Nilitaka kulia.

Ndani nikamsikia Baba. "Tafadhalini, bismillahi, karibuni."

Mzee Hemed, baba yake Nasser, akiwa ndiye mkubwa wa wageni, akanyoosha mkono akainua kawa.

Sikumbuki kuzunguka nyumba. Nakumbuka tu nimesimama mlangoni mwa majlisi, shela begani, wazee wameanza kuinuka na vifaranga wanatawanyika kwenye zulia kama shanga zilizokatikiwa uzi, na nikasikia sauti yangu inasema, "Msisimame. Tafadhalini, mtu asinyanyue mguu wala asiushushe."

Wakatii. Wazee wazima, mmoja mguu uko hewani, mwengine kashikilia kanzu yake ya dishdasha magotini, hakuna aliyepumua. Mimi nikapiga magoti na nguo ya posa, nikaanza kutambaa. Mmoja yuko chini ya mto. Mmoja kajibanza miguuni pa mzee mmoja. "Samahani babu, chini ya kisigino." Wawili nikawapata penye chetezo. Wa tano alikuwa kajificha kwenye mkono wa dishdasha ya Mzee Hemed mwenyewe, naye aliunyoosha mkono ule kwangu taratibu bila kunitazama usoni, kama anayetoa damu kupimwa. Baba alikuwa anatazama dari. Wa sita sikumwona, nikahisi nimeshamuua, mpaka Nasser, aliyekaa mwisho kabisa, akafungua viganja vyake viwili vilivyofumbana.

"Huyu hapa," akasema. "Nilimdaka wa kwanza, nikaogopa kusogea."

Tukatoka nje sote, maana nilitoka mimi na wageni wakanifuata, nadhani hawakujua adabu inasemaje mambo yakifika pale. Nikawaweka kwenye ule ukanda wa majani, nikarudi nyuma. Mama akashuka ukutani, akaita kidogo kidogo, na majani yakaanza kutikisika hapa na pale mpaka wote wakawa kwake. Baba akanisogelea, akasema chini chini, "Haya, umepata. Kesho Jamal anamalizia hapo."

"Kesho watakuwa bado hawajui kuruka, Baba." Nilidhani nimesema chini chini na mimi.

Wakarudi majlisi. Mimi nikavutwa ndani, Shangazi analia kimya kimya, ananiambia, "Umeivunja. Kwa mikono yako umeivunja." Nikakaa naye nyuma ya mlango nikisikiliza na kuchungulia posa yangu inavyokufa, na kusema kweli iliniuma sana, maana nilikuwa nampenda yule mtu.

Kahawa ikamiminwa. Mzee Hemed akapokea finjani, akaiweka chini. Kwetu mgeni akiiweka kahawa bila kuinywa maana yake ana haja, na hainywi mpaka mwenye nyumba aitimize, na mwenye nyumba kumkatalia ni aibu kubwa. Baba akafurahi mpaka sauti ikamtetemeka, akajua posa bado ipo.

"Haja yako imekwisha, Mzee Hemed. Binti ni wenu."

"Ahsante, mzee wetu, ila ya binti bado sijaifikia," akasema Mzee Hemed kwa kile Kiswahili chao cha bara, taratibu. "Kwanza naomba yale majani yaliyobaki kule nje. Yasikatwe mpaka wale watoto waruke. Ukinipa hilo nakunywa, halafu tuongee mambo ya vijana."

Shangazi akaacha kulia ili asikie. Kisha Baba akacheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake mbele ya wageni, akasema, "Kunywa, mzee. Umepewa yote mawili."

Sasa tumeshaoana, na Nasser anapotaniwa kwamba aliposa wa pili baada ya kwale, anatabasamu tu. Wale vifaranga hawakupona wote, wawili walichukuliwa na kunguru na niliwalilia, lakini wanne niliwaona kwa macho yangu wanaruka ukuta. Na ule ukanda chini ya midimu Baba haukati tena kila joto linapoanza, anasema ameshautoa kwa mgeni hawezi kuurudisha, na asubuhi za mwaka huu sasa wanajibizana jozi mbili.

Mimi nimeapa, chochote chenye roho sikiweki tena chini ya kawa, hata kama nyumba inaungua. Ila ukweni kwangu walishaniwekea ada. Nikiingia jikoni kwa mama mkwe, kabla sijafunua sinia lolote, sharti nigonge kawa kwa kidole na kusema hodi. Wote wanacheka. Nawaacha wacheke, kisha nangoja kidogo, nisikilize kama kuna anayeitikia.