Maktaba Yangu ya Wawi

Naungama mwenyewe kabla wanafunzi wangu hawajawasimulia. Mimi ni mhadhiri hapa Pemba. Nawafunza vijana kuishi na dunia nzima, na safari yangu ya mbali kabisa ni Unguja.

Juzi tulikuwa na kikao cha mtandaoni na profesa wa ng'ambo. Niliwaonya wanafunzi wasijipambe, dunia inataka ukweli. Kisha nikakaa barazani kwa mama, kijijini Wawi, juu koti na tai, chini kikoi. Nyuma yangu nilitundika bango lenye picha ya maktaba, nikamwambia profesa niko ofisini.

Nilipofika kwenye mada ya uaminifu, mama akaniita kutoka uwanjani.

"We Hamadi, mvua yaja. Njoo tuanue karafuu."

Nikazima sauti, nikatoka mbio na kikoi changu, nikakunja majamvi huku upepo ukivuma. Karafuu haingoji mhadhara. Nikarudi kitini nikihema, nikaomba radhi: nilipigiwa simu na mkuu wa chuo.

Kisha mwanafunzi mmoja wa Kengeja akasema kwa adabu:

"Mwalimu, mwambie mkuu wa chuo jamvi moja kalisahau, linarowa."

Nikageuka. Bango lilikuwa chini.